"Lassen" isomeshwe kwa Kiswahili

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako nizungumzie neno moja la Kijerumani. Najua inakaa ajabu, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili hapa Kisumu kuandikia gazeti la Kiswahili juu ya Kijerumani, lakini hili neno limetukosesha usingizi nyumbani karibu mwezi mzima na naona kuna wengi wanaumia nalo bila kujua shida iko wapi. Neno lenyewe ni lassen.

Mdogo wangu ni muuguzi. Alimaliza diploma, akahangaika na kandarasi za miezi mitatu mitatu, saa hii ako darasa la Kijerumani hapa town. Hayuko peke yake, manake tangu Kenya na Ujerumani zisaini ule mkataba wa uhamiaji na ajira kule Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto akiwa huko na Olaf Scholz aliyekua Chansela wakati huo, kila familia ninayoijua mtaani iko na mtoto, shemeji ama jirani anayesoma Kijerumani. Na si mchezo. Ngazi ni sita, A1 mpaka C2, na muuguzi kwa kawaida huitishwa B2 ndo akubaliwe kufanya kazi kama muuguzi kamili. B2 si ya kusalimiana, B2 ni ya kuelewa daktari akiongea haraka akiwa amekupa mgongo.

Sasa usiku mmoja stima imepotea, tuko mezani na tochi ya simu, ananionyesha daftari. Ameandika lassen, mbele yake alama ya usawa, alafu neno la Kingereza "let". Chini yake kuna sentensi ya mazoezi: "Ich lasse mein Handy reparieren." Yeye ametafsiri, naruhusu simu yangu itengenezwe. Nikamuuliza, kwani nani alikua anakuomba ruhusa? Akasema dada, ndo vile tumeambiwa, lassen ni let, na let ni ruhusu. Nikamuuliza tena, hapo Kondele ukimpelekea fundi simu yako imepasuka kioo unasemaje ukirudi nyumbani? Akajibu hata bila kufikiria, nimeenda kutengenezesha simu.

Basi hapo ndo nikaona. Kutengeneza ni reparieren. Kutengenezesha ni reparieren lassen. Ile -sha tunayoiweka mwisho wa kitenzi bila hata kuhema, Mjerumani anaiweka kama neno zima linalosimama peke yake, na linaitwa lassen. Mimi nimefundisha kauli ya kutendesha miaka kumi na nne, nimesahihisha sijui daftari ngapi za mnyambuliko wa vitenzi, na sikua najua ati nilikua namuandaa mtu kwa Kijerumani.

Hebu angalia hizi. Kungoja ni warten, na "Der Arzt lässt uns warten" ni daktari anatungojesha. Kujua ni wissen, na mtu akikuambia "Lassen Sie mich wissen" anakuambia nijulishe. Kuanguka ni fallen, na "Ich habe das Glas fallen lassen" ni nimeangusha glasi. Mtoto wa darasa la sita wa Nyalenda anajua tofauti ya anguka na angusha, hahitaji mtu amwelezee. Lakini huyo huyo akikua akaenda kusoma Kijerumani anapitishwa kwa Kingereza kwanza, na Kingereza kinamwambia achague, hapa ni let, hapa ni make, hapa ni have, hapa ni leave, maneno manne kwa neno moja, na yeye anakariri mpaka kichwa kinauma.

Na hiyo leave ndo upande wa pili wa lassen, ambao nao tuko nao tayari. Sisi Wakenya tunasema wacha. "Lass das!" ni wacha hiyo! "Lass mich schlafen" ni wacha nilale. "Lass uns gehen" ni wacha twende, ama twende tu. "Ich lasse das Buch zu Hause" ni naacha kitabu nyumbani. Yaani wacha yetu inafanya kazi tatu, kuacha kitu mahali, kukatazana, na kupeana nafasi mtu afanye kitu, na lassen inafanya hizo hizo tatu. Mtu akishika wacha kwa mkono mmoja na -sha kwa mkono wa pili ameshika karibu lassen yote.

Karibu yote, nimesema, juu kuna kipande cha tatu na ndo kilinifurahisha kuliko vyote. Mdogo wangu aliniletea "Das Fenster lässt sich nicht öffnen." Kwa Kingereza mwalimu wao alieleza kwa ubao mzima, dirisha halijiruhusu kufunguliwa, sijui ni kama dirisha lina moyo. Nikamwambia wewe, dirisha halifunguki. Basi. Hiyo ni kauli ya kutendeka. "Das lässt sich machen" ni inafanyika, vile fundi anakujibu ukimuuliza kama suti itakua tayari Ijumaa. Doa ambalo halitoki kwa shati, mlango haufungiki, chumvi ikizidi chakula hakiliki, kote huko Mjerumani anaweza kutumia lässt sich na kitenzi chake mwisho wa sentensi. Alicheka sana siku hiyo. Akaandika sentensi ishirini bila kosa, na hiyo ilikua mara ya kwanza kumuona anafunga daftari akiwa na furaha tangu aanze.

Nataka niende wodini kidogo juu huko ndo neno hili linakua jambo la maisha ya mtu. Chukua sentensi mbili. Ya kwanza, "Lassen Sie ihn nicht allein." Usimwache peke yake. Ya pili, "Lassen Sie ihn nicht allein aufstehen." Usimwache ainuke peke yake. Maneno matano ya kwanza ni yale yale, moja moja, mpaka unafika mwisho ndo unasikia aufstehen ama husikii. Ya kwanza inakuambia ukae na mgonjwa, usitoke. Ya pili inakuruhusu kutoka, ila mzee akitaka kuinuka kitandani lazima mtu amshike, asije akaanguka avunjike nyonga. Muuguzi aliyezoea kwamba lassen inabeba kitenzi kingine mgongoni atasubiri mwisho wa sentensi kabla hajageuka. Yule aliyekariri let atafanya nini? Sijui, na sitaki ajulie kwa mgonjwa.

Alafu kuna "Wasser lassen." Hii niliipata kwa noti zake za hospitali na sikuielewa mpaka akanieleza kama muuguzi. Maneno yenyewe ni maji na kuacha, ukitafsiri neno kwa neno utadhani mgonjwa ameacha glasi ya maji mezani, kumbe ni haja ndogo. Mgonjwa ametoka tiyeta, muuguzi anamuuliza "Können Sie Wasser lassen?", yaani unaweza kukojoa? Ni swali la maana sana baada ya upasuaji, kila mtu wa wodini anajua kwa nini. Kiswahili chetu nacho kina adabu yake hapo, tunasema kwenda haja, kujisaidia, hatutaji kitu chenyewe, kwa hivyo mtu wetu akielezwa kwamba hii ni lugha ya staha ya hospitali ataishika siku hiyo hiyo na haitamtoka.

Na entlassen. "Der Patient wird morgen entlassen", mgonjwa ataruhusiwa kwenda nyumbani kesho. Lakini rafiki yako akikupigia simu akilia aseme "Ich wurde entlassen", huyo hajatoka hospitali, huyo amefutwa kazi. Ni neno moja, la kumwachilia mtu, inategemea anaachiliwa kutoka wapi.

Kuna lingine limeumiza watu zaidi, verlassen. "Ich verlasse dich", nakuacha, ndo mambo ya ndoa kuvunjika. "Ich verlasse mich auf dich", nakutegemea, nimekuegemea wewe. Tofauti ni mich na auf. Mdogo wangu kwa zoezi la kuongea alitaka kumwambia mwenzake nakutegemea akasema nakuacha, darasa likacheka na akanyamaza wiki nzima hakuinua mkono tena. Mimi nilimwambia afikirie hivi, mtu anayeegemea ukuta amejiachilia, uzito wake wote ameuacha kwa ukuta, na hiyo mich ndo ile -ji- yetu ya kujiachilia. Sijui kama wataalamu wa Ujerumani wangelieleza hivo, lakini kwake lilikaa na halijamsumbua tena. Na wakitalikiana Wajerumani husema "sich scheiden lassen", lassen iko hapo pia, na sisi tunasema wameachana. Acha tena!

Kwa mambo ya wakati uliopita naomba walimu wanisikilize vizuri juu hapa nimeona wengi wakipoteza maksi. Lassen ikiwa peke yake, ya kuacha kitu, inakua gelassen: "Ich habe mein Handy zu Hause gelassen", nimeacha simu nyumbani. Lakini ikibeba kitenzi kingine inabaki lassen tu: "Ich habe mein Handy reparieren lassen", nimetengenezesha simu. Wanafunzi wanaandika gelassen kote kote. Nimempa huyu wangu njia ya kukumbuka, ikiwa lassen ni kuacha kitu bila kitenzi kingine ni kitenzi kamili kwa hivyo inavaa nguo yake ya wakati uliopita, ikibeba kitenzi kingine, hata kama ni wacha nilale, ichukue kama -sha, kiambishi tu, na kiambishi hakina nguo yake. Vichache vinakubali njia zote mbili kama liegen lassen, kuacha kitu kimelala mahali, lakini hivo mtu atavijulia mbele. Mengine ya umbo ni ya kukariri tu, du lässt, er lässt, ile a inapata nukta mbili juu, na ya zamani ni ließ.

Sisemi Kiswahili kinaingia kila mahali, ningekua nadanganya watu. Kuna mahali kinakataa. Ukienda kwa kinyozi unarudi ukisema nimenyolewa, hiyo ni kutendwa si kutendesha, na dada akitoka kwa saluni anasema nimesukwa, lakini Mjerumani bado anasema "Ich habe mir die Haare schneiden lassen", na hapo anaweka mir, ya kwamba ni kwa faida yangu. Ukisahau lassen hapo ukasema "Ich habe mir die Haare geschnitten" umesema umejinyoa mwenyewe kwa mikono yako. Pia kuna vitenzi vyetu vya -sha ambavyo kwao ni neno moja safi bila lassen yoyote. Kuonyesha ni zeigen. Kuamsha ni wecken. Kulisha ni füttern, ingawa mgonjwa mtu mzima mtu wa heshima hasemi füttern, hiyo imekaa kama ya mtoto ama mnyama, husemwa kumsaidia kula.

Na hapo ndo nilipata kitu ambacho kilinifanya nikae kimya jikoni chai ikipoa. Wajerumani wenyewe walikua na kutendesha yao kama sisi, ndani ya kitenzi! Trinken ni kunywa, tränken ni kunywesha. Sitzen ni kukaa, setzen ni kukalisha. Liegen ni kulala pale kitandani, legen ni kulaza. Fallen ni kuanguka, fällen ni kuangusha mti kwa shoka. Angalia vile sauti ya katikati inageuka. Hiyo njia ilizeeka, hawaundi maneno mapya nayo tena, lassen ndo ilichukua kazi. Kwa hivyo glasi ikiponyoka mkononi ni fallen lassen, mti ukiukata makusudi ni fällen, na sisi zote tunaziita kuangusha. Muuguzi anahitaji setzen na legen kila saa, kumkalisha mgonjwa, kumlaza mgonjwa, na ukimuelezea muuguzi Mkenya kwamba ni keti na ketisha, lala na laza, unadhani atasahau? Mluhya, Mkisii, Mkikuyu wa Nakuru, wote lugha zao za nyumbani zinabadilisha kitenzi namna hiyo. Hata sisi Wajaluo ambao lugha yetu haina hiyo -sha, Kiswahili tumekisoma tangu nasari.

Sasa malalamishi yangu Mhariri. Darasani kwao Kiswahili hakiruhusiwi. Sitataja chuo, na najua si hicho peke yake, lakini ukisikika ukimweleza mwenzako kitu kwa Kiswahili unalipa faini ya shilingi 20, na maelezo yote ya sarufi ni kwa Kingereza. Tungekua tunakatazwa kila lugha isipokua Kijerumani ningeelewa, watu wazoee sikio. Lakini Kingereza kinaruhusiwa! Kwa hivyo si kwamba wanataka Kijerumani kitupu, ni kwamba kati ya lugha mbili tunazozijua wamechagua ile iliyo mbali na kuifungia nje ile iliyo karibu. Mimi nilivalishwa kile kibao shingoni nikiwa darasa la nne kwa kuongea lugha ya mama, na niliposikia habari ya hiyo faini niliumia mahali ambapo nilidhani pamepona. Mtu mzima, muuguzi ambaye amezalisha akina mama usiku kwa taa ya simu, analipishwa faini kwa kusema halifunguki.

Na Wajerumani wenyewe hawakukidharau Kiswahili. Krapf aliyekuja Mombasa mwaka wa 1844 alikua Mjerumani, na alikaa chini akaandika kamusi ya Kiswahili. Mwaka wa 1887 Berlin ilifungua chuo cha lugha za Mashariki na Kiswahili kilikua mojawapo ya lugha zilizosomeshwa hapo, ni kweli walikua na haja yao ya kutawala Tanganyika, sifichi hiyo. Shule, hili neno tunaloandika kila siku, tulilitoa kwao, na hela ilitoka kwa sarafu yao ya Heller. Hata leo Kiswahili kinasomeshwa Leipzig, Bayreuth na Hamburg. Mwanafunzi Mjerumani wa Leipzig anaelezwa -sha yetu kwa lugha yake mwenyewe, wa kwetu anaelezwa lassen yao kwa lugha ya mtu wa tatu.

Ninachoomba ni kidogo. Walimu wa Kijerumani walioko Kisumu, Nakuru, Kakamega, Eldoret, wengi wenu ni Wakenya kama sisi, mlifanya mtihani wa Kiswahili kidato cha nne na mnakumbuka mnyambuliko. Mkifika kwa lassen, wekeni Kingereza kando saa moja tu. Andikeni ubaoni acha, -sha, -ika, alafu muwape sentensi zao. Na hiyo faini muitoe. Wenye vyuo pia, mnapochapisha noti zenu kwa nini safu ya pili isiwe ya Kiswahili? Wanafunzi wanalipa karo nzuri, kwetu ng'ombe mmoja alienda, na mtu akianguka mtihani analipa tena.

Mdogo wangu anaenda Nairobi kufanya mtihani wa B1 mwezi ujao. Tumeandika pamoja kurasa kumi na moja za lassen na jamaa zake, zote kwa Kiswahili, mifano mingi ni ya wodini. Kuna mahali tutakua tumekosea, mimi Kijerumani nimekijua kwa daftari la mtu mwingine tu, kwa hivyo mwalimu yeyote wa Kijerumani anayetaka kuzisoma na kuzirekebisha kwa kalamu nyekundu nitamtolea kopi bure, na wanafunzi wake pia. Niko shuleni kila siku mpaka saa kumi na moja jioni, na Jumamosi niko nyumbani.

Mwalimu wa Kiswahili,
Mamboleo, Kisumu.